Vina Vilivyokatwa Vichwa

Kwa muda wa karibu miaka ishirini nimekuwa nikiishitaki kompyuta. Kila aliyeniuliza kwa nini sauti ya bibi yangu mzaa mama inakwaruza katika nakala niliyo nayo, nilimjibu bila kusita: kadi ya sauti ilikuwa duni, na vyombo vya dijitali vya majumbani enzi zile vilikuwa havijakomaa. Jibu hilo lilinifaa. Lilikuwa fupi, lilikuwa na harufu ya utaalamu, na halikumgusa mtu yeyote aliye hai. Miezi michache iliyopita nililipima, na sasa siwezi kulitoa tena.

Kanda yenyewe ilirekodiwa mwaka 1987, Mji wa Kale, Mombasa. Mjomba aliweka redio-kaseti yake juu ya kigoda, akamwomba Bibi aughani utenzi alioutunga kwa ajili ya harusi ya binti yake mkubwa. Beti zilikuwa 112, na bahari yake ilikuwa ni -ya. Bibi hakuwahi kuuandika. Aliutunga kichwani, akauhifadhi kichwani, na alipofariki mwaka 1998 kanda ile ilibaki kuwa ndiyo maandishi pekee. Mwaka 2004 mimi, kijana mwenye kompyuta ya kwanza katika ukoo, nikaihamishia kanda katika faili. Wiki chache baadaye binamu yangu alitafuta kaseti ya kurekodia kasida za maulidi. Nikamwambia achukue ile. Ya Bibi tayari iko kwenye kompyuta. Vile vibanzi viwili vya plastiki vilivyo juu ya kaseti, ambavyo ukivivunja kanda hairekodiki tena, mjomba hakuwa amevivunja. Kasida zilitoka nzuri sana.

Kabla sijaeleza vipimo, yafaa tukubaliane juu ya neno. Mafundi wetu wa redio husema spika inakwaruza, inakoroma, au imepasuka, na kila neno kati ya hayo lina mahali pake. Ila tunahitaji jina moja la jambo lenyewe, na mimi nitatumia mpotoko, kutokana na kupotoka. Mpotoko si kelele. Kelele ni mgeni anayezungumza wakati mwenyeji anazungumza: mvumo wa kanda, feni, gari la njiani. Mpotoko ni maneno ya mwenyeji mwenyewe yaliyogeuzwa. Ukiingiza katika chombo mlio safi wa hezi 1000, chombo kikamilifu kitakurudishia hezi 1000 na si kitu kingine. Chombo chenye mpotoko kitakurudishia hezi 1000 pamoja na 2000, 3000, 4000 na kuendelea, ambazo hukuziingiza. Nguvu ya hizo milio ya nyongeza, ikilinganishwa na nguvu ya mlio asilia, ndiyo huandikwa kwa asilimia katika karatasi za chombo. Kelele ikikoma, neno hubaki zima. Mpotoko hauna mahali unapokomea, kwa kuwa umo ndani ya neno lenyewe.

Kaseti ya Bibi, kwa kipimo hiki, ilikuwa chombo chenye dhambi nyingi. Desturi ya watengenezaji ilikuwa kuhesabu kwamba kanda imefikia kikomo cha sauti yake pale mpotoko unapofika asilimia 3. Yaani asilimia 3 ilikuwa ndiyo mpaka unaokubalika, na hakuna aliyelalamika, maana kanda hupotoa polepole, kama mtu anayechoka. Ndipo ikaja diski ya CD. Kichezeshi cha kwanza cha Sony, CDP-101, kiliuzwa Japani kuanzia tarehe 1 Oktoba 1982 kwa yeni 168,000, na karatasi yake ilitaja mpotoko wa asilimia 0.004 kwa mlio wa hezi 1000. Kutoka 3 hadi 0.004! Si ajabu watangazaji wa biashara walilewa.

Lakini karatasi ile ilikuwa kweli kwa sauti kubwa tu, na hapa ndipo pana jambo ambalo mtunzi wa mashairi atalifurahia. Dijitali huiandika sauti kwa ngazi. CD ina biti 16, yaani ngazi 65,536 kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, na hupima mahali sauti ilipo mara 44,100 kila sekunde. Sauti kubwa huzitumia ngazi zote na mkunjo wake huandikwa laini. Sauti ikipungua, ngazi anazozikanyaga msemaji hupungua pia. Mlio ulioshuka desibeli 90 chini ya kilele, ukiandikwa hivi hivi bila dawa yoyote, unabakiwa na ngazi tatu tu: juu, katikati, chini. Hapo si wimbi tena, ni matofali. Kanda hupotoa anayepiga kelele. Dijitali ya awali ilimpotoa anayenong'ona. Vichezeshi vya kwanza viliongeza dosari zao, kwa sababu vipande vya ndani vilivyogeuza namba kuwa umeme havikulingana barabara, na ngazi moja ilikuwa ndefu kuliko jirani yake. Philips, waliokuwa na vigeuzi vya biti 14 tu katika vichezeshi vyao vya mwanzo, walilizunguka tatizo kwa kuzidisha idadi ya vipimo mara nne na kuisukuma kelele nje ya masafa yanayosikika.

Dawa ya wanaonong'ona ni ya kushangaza. Mwaka 1984 John Vanderkooy na Stanley Lipshitz, wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, walichapisha makala ikionyesha kwamba ukitia kelele kidogo sana, kwa kipimo chake, kabla sauti haijapandishwa ngazi, mpotoko hutoweka na sauti ndogo kuliko ngazi moja huweza kuandikwa. Kelele kidogo huondoa uongo. Nimelisoma jambo hilo mara kadhaa kwa miaka, na kila mara nahisi kama nimetegewa kitendawili.

Tangu hapo namba zimeendelea kushuka. Vyombo bora vya majumbani leo hufikia kiasi cha asilimia 0.0001. Ule waya mdogo wa Apple wa kuunganishia visikizi kwenye simu, unaouzwa dola 9 Marekani, uko karibu na asilimia 0.001, yaani namba yake ni nzuri kuliko ile iliyotangazwa kwa mashine ya yeni 168,000. Lakini spika nzuri, ikipigwa besi kwa nguvu, hupita asilimia 1 bila shida, na sikio la binadamu hutaabika kuutambua mpotoko wa muziki ulio chini sana ya hapo. Kwa hiyo yale mashindano ya sufuri baada ya nukta, nadhani, yana zaidi ya miaka thelathini yanakimbiwa katika uwanja usio na watazamaji. Nayasema haya bila dharau. Mimi mwenyewe nimekaa usiku mzima nikitazama sufuri.

Nilipata sababu ya kupima pale tuliposafisha stoo ya nyumba na kuikuta ile kompyuta ya 2004, imefunikwa gunia, bado inawaka. Nikaweka mezani vyombo vitatu: kompyuta hiyo, kichezeshi cha CD cha miaka ya mwisho ya themanini nilichonunua mtumba, na kiunganishi kidogo cha simu cha miaka hii. Nikatengeneza mlio wa hezi 1000 katika faili, nikauandika pia kwenye diski, na kwa kupokea nikatumia kisanduku cha kisasa cha kurekodia. Kwanza nilikiunganisha kisanduku kichwa na mkia, kijisikilize chenyewe. Kilitoa asilimia 0.0015. Basi kila namba iliyo jirani na hiyo ni yake kama ilivyo ya chombo ninachokipima, kwa sababu pishi haiwezi kupima punje iliyo ndogo kuliko kosa la pishi. Inanipendeza kwamba lugha yetu inatumia neno mizani kwa dukani na kwa ushairi pia. Mahali pote pawili swali la kwanza ni nani aliyeikagua mizani.

Kichezeshi cha themanini kilitoa asilimia 0.005. Kiunganishi cha simu kilitoa 0.002, na naamini sehemu kubwa ya hiyo ilikuwa ya kisanduku. Kisha nikaingiza mlio ule ule kwenye kadi ya sauti ya kompyuta niliyoilaumu miaka yote hii, kupitia tundu lake la buluu. Asilimia 0.02. Nikarudia, nikidhani nimekosea waya. 0.02 tena. Ni mara kumi ya kiunganishi cha leo, ndiyo, na mtu anayeshindania sufuri angeicheka. Lakini ni mara mia na hamsini chini ya ile asilimia 3 ambayo kanda ya Bibi iliruhusiwa. Kadi ile ilikuwa na uwezo wa kuipokea sauti yake yote, pamoja na mvumo wa kanda na pamoja na mnada wa samaki uliokuwa ukipigwa dirishani, na isiongeze kitu cha kusikika.

Nilikaa na namba hiyo siku mbili. Siku ya tatu nikaifungua faili ya Bibi na kuikuza picha ya mawimbi hadi nikaona wimbi moja moja. Pale anapoghani kwa utulivu mawimbi ni mazima, yana vilele vya mviringo kama matuta ya mchanga. Pale anapopaza sauti, vilele vimekatwa, bapa, kama meza. Hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni mahali palipokatwa. Ngazi za faili zilikuwa bado zimebaki juu, nafasi tupu karibu nusu ya ukurasa. Namba hazikuwa zimejaa. Vilele vilikuwa vimekatwa kabla havijafika kwenye namba, na kompyuta ilikuwa imeandika kwa uaminifu kabisa kitu ambacho tayari kilikuwa kimeharibika.

Wanaozikumbuka kompyuta za miaka ile watakumbuka matundu ya nyuma yenye rangi: kijani ni la spika, buluu la kupokea sauti kutoka kwenye redio au kaseti, na waridi ni la maikrofoni. Maikrofoni hutoa umeme mdogo mno, kwa hiyo nyuma ya tundu la waridi kuna kikuza sauti ambacho mara nyingi huongeza desibeli 20, yaani huzidisha mara kumi. Nilichomeka waya wa redio-kaseti katika lile la waridi. Nakumbuka hata nilivyofikiri: sauti ni sauti, na maikrofoni ndiyo inayohusu sauti. Kikuza kikafurika. Nami nilipoona taa ya programu inakaribia nyekundu nikavuta kidhibiti chini, taa ikarudi kijani, nikaridhika. Nilikuwa nimepunguza maji mtoni baada ya shamba kwisha kuzama.

Nikaurudia mlio wangu wa hezi 1000 katika tundu la waridi, kwa kiwango kinachokaribia kile cha redio-kaseti. Asilimia 18.

(Kosa langu, nikubali, lina ndugu wa kifahari. Tangu miaka ya tisini mafundi wengi wa studio wamekuwa wakivikata vilele vya muziki kwa makusudi ili rekodi zao zisikike kubwa kuliko za wenzao. Vichezeshi vilipokuwa vikizidi kusafika, vilivyochezeshwa ndani yake vilizidi kukatwa. Lakini wao walikuwa na kanda asilia zilizobaki kabatini.)

Sasa nifike kwenye kilichoniuma. Ubeti wa utenzi, kama tujuavyo, una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vina kina chao cha ubeti, na cha nne kinabeba bahari, kina kisichobadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi hakuwa akivighani vipande vinne kwa nguvu sawa. Vitatu vya kwanza alivipeleka kama mtu anayetembea na mzigo kichwani, kisha cha nne alikipandisha na kuishikilia silabi ya mwisho kwa urefu wa pumzi. Na silabi hiyo ilikuwa -ya. Katika irabu zetu tano, a ndiyo inayofunua kinywa zaidi, na kwa hiyo ndiyo yenye sauti kubwa. Kikuza kilikuwa kinafurika hapo hapo. Nilizihesabu: katika beti 112, beti 97 zimekatwa kichwa kwenye bahari, na mara nyingi katika neno zima lililoibeba. Vipande vitatu ni safi, karibu unamsikia akimeza mate. Cha nne kinakwaruza. Ukisikiliza mfululizo, mkwaruzo wenyewe una wizani. Mpotoko umejipanga kama kina.

Nimejaribu kuponya. Zipo programu za kukisia vilele vilivyokatwa: hutazama miteremko ya pande mbili na kuchora kilima kinachoelekea kuziunganisha. Matokeo yake yanapendeza sikioni, na nimewapa jamaa nakala hiyo kwa sababu hawana haja ya kuteseka. Lakini ni kazi ya mhariri anayekuta mswada wa zamani umeliwa na mchwa na kujaza kipande kwa kalamu yake mwenyewe. Kipande kinaweza kuwa sahihi kwa mizani na kwa kina na bado kisiwe cha mtunzi. Nimeipa faili hiyo jina linalosema wazi kwamba imejazwa.

Jaribio jingine lilikuwa baya zaidi. Niliipitisha nakala katika programu ya simu inayoahidi kuondoa kelele. Iliondoa mvumo wa kanda vizuri sana, na pamoja nao ikaondoa pumzi. Wenzangu wa Kimvita wataelewa hasara hiyo. Kuna paa wa mwituni, ambaye p yake hutamkwa kwa pumzi, na kuna paa la nyumba, lisilo na pumzi. Vivyo hivyo kaa wa pwani na kaa la moto. Maandishi yetu sanifu hayazitofautishi, ila mdomo wa Bibi ulizitofautisha kila mara. Kwa programu, mpulizo ule mdogo ni kelele kama kelele nyingine. Katika ubeti ambapo Bibi anamfananisha bibi harusi na paa, simu yangu ilimfananisha binti yake na makuti.

Aliyeolewa kwa utenzi huo, mama yangu mkubwa, yu hai. Nilikwenda kwake na kisanduku changu na maikrofoni, nikaweka kiwango ili sauti yake kubwa kabisa isivuke desibeli 12 chini ya kikomo. Anazikumbuka beti 31 kwa ukamilifu na vipande vya nyingine nyingi. Alianza kughani huku akinitazama, kisha akasita.

"Mwanangu, hayo mataa unayatazamia nini? Nitazame mimi."

Nikamtazama. Alipofika ubeti ambao katika daftari langu ni wa 58, akaimba bahari kwa neno ambalo silo nililoliandika. Mimi kwa miaka yote nimeandika niya: Bibi anamwambia bintiye aishike niya. Mama mkubwa aliimba ndiya. Mizani ni zile zile, bahari ni ile ile, na maana zote mbili zinamfaa bibi harusi. Hakuna kanuni hata moja ya utunzi ambayo ingenishtua. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba katika kanda ni niya.

"Niya ya nini? Niya nilikuwa nayo. Mama alikuwa akinionyesha ndiya."

Nikamfungulia nakala ya 2004, ile isiyojazwa. Tukausikiliza ubeti wa 58 mara nne, kichwa chake karibu na spika. Mimi nilisikia mkwaruzo na -ya. Yeye alisikia ndiya, na mara ya nne akaitamka pamoja na mama yake. Katika daftari nimelikata neno niya kwa mstari mmoja mwembamba, ili liendelee kusomeka, na juu yake nimeandika lake.